Vikomandi vya kwenye ruta: nikate meseji programu iwe ndogo, au niziache ziongee?

sangara_tech (Kirumba)

Wakuu habari za usiku. Mi nipo Mwanza, kazi yangu ni kufunga viboksi vya kurekodi joto kwenye makontena ya barafu ya wanunuzi wa sangara, pale Mwaloni vipo, Kayenze vipo na vingine viko Nansio. Kiboksi chenyewe ni ruta ya kawaida tu ya bei poa, prosesa ya MIPS, hifadhi ya ndani 8MB, RAM 64MB, nimefuta programu ya kiwandani nikaweka OpenWrt, ile Linux ndogo ya ruta. Sensa inasoma joto kila dakika tano inaandika kwenye faili, jioni kijana wa zamu anachomeka fleshi ya USB, anaingia na simu kupitia wifi ya hiyohiyo ruta, anaandika komandi moja inaitwa nakili, rekodi zinahamia kwenye fleshi basi kazi imeisha, fleshi inapanda meli kuja mjini.

Sasa 8MB ukishaweka OpenWrt na vitu vya USB na FAT (mfumo wa mafaili wa fleshi) kinachobaki ni cha kugombania. Nakili tumeandika kwa C mimi na mwenzangu, na mwenzangu ni mtu wa kuhesabu kila baiti, akaona meseji zote ni mzigo akazipiga chini. Ikifaulu inatoka na 0, ikifeli inatoka na 1, skrini haisemi kitu. Anasema ndo desturi ya Unix, cp, komandi ya kunakili mafaili, nayo ikikubali hainyanyui mdomo. Sawa, ila juzi kijana wa Nansio kanakili, skrini kimya, akajua imekubali maana kila siku ikikubali inakuwa kimya hivyohivyo. Fleshi imefika mjini haina kitu na mnunuzi anataka karatasi ya joto kabla hajapakia mzigo.

Mi nataka meseji zirudi, mwenzangu anasema tukianza hivyo mwisho wa siku tutakuwa na programu ya KB mia. Nyie mnaoandika hivi vitu vya sistimu mnakata wapi na mnaacha wapi? Nawasilisha.

---

fundi_Buzuruga

Kabla ya ushauri weka hapa matokeo ya size, ile komandi ya kupima ukubwa wa programu. Na umekompaili static (libc, maktaba ya funksheni za C, imo ndani ya programu) au dynamic (inatumia libc ya kwenye ruta)? Watu wengi wanakata meseji bila kupima wanene wako wapi.

---

sangara_tech

Hii hapa mkuu:

```
   text    data     bss     dec     hex filename
  46180     612    1480   48272    bc90 nakili
```

Meseji tulizotoa kwa jumla hazikufika hata KB 2. Static, kwa sababu dynamic ilinigomea kwa namna ya ajabu, yaani faili ninaliona kabisa kwa ls, ruhusa ya kuendesha ipo, nikiliita linanijibu

```
-ash: ./nakili: not found
```

Faili lipo wanakwambia halipo. Nikaweka -static likakubali nikaachana nalo.

---

mama_terminali

Asante kwa kuleta hiyo not found, maana ni mfano mzuri kuliko wote wa hiki unachouliza, hapo meseji ipo na bado haikusaidii.

Kilichotokea ni hivi. Programu ya dynamic ndani yake imeandikwa jina la faili lingine, yule mpakiaji anayeunganisha programu na libc. Umekompaili na zana za kwenye kompyuta yako, zimeandika jina la mpakiaji wa libc nyingine, ruta yako inatumia musl, libc ndogo, na mpakiaji wake anaitwa kama /lib/ld-musl-mipsel-sf.so.1. Kerneli, moyo wa Linux, ikamtafuta huyo mwingine, haikumpata, ikarudisha ENOENT, namba 2, "hakuna faili hilo". Haikusema ni faili gani. Shell, ile inayopokea komandi unazoandika, ikapokea namba 2, na jina pekee lililo mkononi mwake ni ./nakili, ikakutajia hilo. Kerneli haijadanganya, shell haijadanganya, we ndo umebaki unashangaa. Shell ya bash ya siku hizi wamelirekebisha, inakuandikia cannot execute: required file not found, maneno machache tu yameongezeka ila mtu anajua la kufanya. Ash, shell ya ruta inayotoka BusyBox (komandi nyingi ndani ya programu moja ndogo), haina hiyo.

Kwa hiyo chukua SDK (zana za kukompaili) ya OpenWrt ya ruta yako, kompaili dynamic. Hizo KB 46 nyingi ni libc uliyoibeba mgongoni wakati musl tayari imekaa kwenye ruta. Na shukuru hukutumia glibc, libc kubwa ya Linux za kompyuta, kwa static, hello world tu ya glibc static inafika mamia ya KB, musl ni makumi hivi na kushuka.

La pili, joto mnalihifadhi kama float, namba ya desimali? Nahisi ndiyo. MIPS za ruta nyingi hazina sehemu ya hesabu za desimali, kompaila inakuwekea funksheni za kuigiza hizo hesabu, ndo hiyo "sf" hapo kwenye jina la mpakiaji. Hifadhi nyuzi 3.7 kama namba kamili 37, ukichapisha gawanya kwa 10 na baki yake. Utapunguza zaidi ya meseji zenu zote.

La tatu, ambalo mwenzako atalipenda. Sababu za kufeli za kerneli, kama nafasi imeisha, ruhusa hakuna, diski ya kusomwa tu, maneno yake yote yapo tayari ndani ya musl kwenye ruta, yapo utumie usitumie. Kwenye printf ya musl andika %m, herufi mbili, inaleta sentensi nzima ya errno, ile namba ya kosa. Mnabana baiti kwa kukataa kitu cha bure.

---

Mzee_Igoma

Vijana mnanikumbusha mbali.

Huyo mwenzako asidhani desturi ya kimya ilitokana na ubahili wa kumbukumbu peke yake. Unix ya mwanzo pale Bell Labs watu walikuwa wanaitumia kwa Teletype Model 33, mashine inagonga herufi kwenye karatasi, herufi 10 kwa sekunde. Sentensi ya herufi 60 unasubiri sekunde sita na karatasi inaliwa. Ndo maana ed, edita ya Ken Thompson, ukikosea inakujibu

```
?
```

basi, imetoka hivyo. Ila watu wanasahau sehemu ya pili, kwenye ed za baadaye na mpaka leo ukiandika h inakueleza kosa la mwisho lilikuwa nini, na H kubwa inaiwasha ieleze kila mara. Maelezo yapo, unayaita ukiyataka. Sababu nyingine ya cp kukaa kimya ni kwamba matokeo ya programu moja yanaingia kwenye programu nyingine, ukianza kuandika "nimefanikiwa bwana" kwenye mkondo wa matokeo umeharibu data ya mwenzio. Makosa yalipewa mkondo wake, namba 2, hayo hakuna aliyeyakataza. Cp ikifeli inasema, na inataja faili. Kwa hiyo anayesema nakili imefuata desturi ya Unix kwa kufeli kimyakimya, hiyo Unix sijawahi kuiona.

Na kama anataka mfano wa udogo, aangalie BusyBox maana anaitumia kila siku hapo kwenye ruta. Bruce Perens aliianza 1995 ili sistimu ya Debian (aina ya Linux) ya kusakinishia na kuokolea mashine ienee kwenye floppy moja. Floppy ni 1.44MB, hiyo 8MB yako ni uwanja wa Kirumba. Sasa fungua kodi yake uone wanavyobana. Pale GNU, wenye cp ya Linux za kawaida, wanaandika cannot wao wanaandika can't, wameokoa herufi moja, wapo serious kiasi hicho. Lakini meseji yenyewe hawakuitoa! Ukinakili faili lisilokuwepo inakwambia

```
cp: can't stat 'rekodi.csv': No such file or directory
```

Nani anaongea, alikuwa anafanya nini, kwenye faili gani, kwanini.

Siri yao ni kwamba meseji inakaa sehemu moja. Wana funksheni kama xopen, inajaribu kufungua faili, ikishindwa inaandika can't open na jina na sababu kisha inaua programu. Komandi nyingi zinaiita hiyohiyo. Kwa hiyo anayeandika komandi mpya anapata meseji nzuri na kodi yake inakuwa FUPI zaidi, maana hata ile if ya kucheki kosa haiandiki. Wana na skripti inaitwa bloat-o-meter, inalinganisha ukubwa wa kila funksheni kabla na baada ya badiliko, yaani mtu akileta badiliko anaonyesha limeongeza baiti ngapi na wapi. Mwenzako apewe hiyo, ataacha kukata kwa macho.

Walichokata ni maelezo ya --help, pale kuna swichi za kompaili, unaweza kuyaondoa kabisa, kuyaacha mafupi, au kuyaweka marefu, na unaweza kuyabana yakae ndani ya programu yakiwa yamebanwa na bzip2, yanafunguliwa mtu akiyaita tu. Hapo nakubaliana nao. Help inasomwa siku ya kwanza, kosa linasomwa saa mbili usiku mtu amesimama kwenye maji.

---

kimya_CapriPoint

Shikamoo mzee Igoma. Naheshimu ila ntapinga kidogo.

Mi nimeshika ruta za 4MB na RAM 32, zile OpenWrt waliishia nazo toleo la 19.07, pale mtu haongei habari za uwanja. Na tatizo sio meseji ya leo, ni tabia. Ukiruhusu meseji moja inakuja ya pili, inakuja rangi, inakuja asilimia inatembea, inakuja ya lugha mbili na maktaba ya kutafsiri juu yake, mwaka kesho hiyo nakili inakusalimia kwa jina. Mi ningebaki na namba ya kutokea tu ila namba zenye maana, BSD, ndugu wa Unix, wana sysexits.h, 64 umekosea kuita komandi, 66 chanzo hakipo, 73 imeshindwa kutengeneza faili, 74 kosa la kusoma au kuandika. Maelezo kamili tupa kwenye syslog, logi ya matukio ya mfumo, fundi atasoma kwa logread. Mtumiaji wa mwisho hahitaji kujua errno.

---

fundi_Buzuruga

@kimya_CapriPoint logread ya OpenWrt inakaa RAM kaka. Umeme wa visiwani ukikatika usiku logi imeondoka nao, fundi akifika anasoma ruta ilivyowaka asubuhi. Namba za sysexits nakuunga mkono ila ni za skripti. Kijana wa zamu hawezi kuona namba ya kutokea mpaka aandike echo $?, na akijua kuandika hivyo huyo mchukueni ofisini.

Halafu hiyo hoja ya hifadhi kwenye ruta haiendi baiti kwa baiti kama mnavyofikiria. Eneo la kuandikia kwenye hizi ruta ni mfumo wa mafaili wa JFFS2 na wenyewe unabana data, ukiijenga programu ndani ya imeji ya OpenWrt inaingia squashfs, mfumo wa kusomwa tu, ambao unabana kwa xz. Maandishi yanabanika vizuri, tena kwenye chipu nyingi block ya kufuta ni 64KB. KB moja ya meseji ukiongeza mara nyingi imeji haibadiliki hata block moja.

---

mpokea_mzigo

Samahani jamani mi sio wa kompyuta, nimeletwa na mdogo wangu humu, mi ndo wale wanaosimama na fleshi mkononi, sio kwa huyu ndugu ila tuna kifaa kinachofanana nacho. Haya mambo ya namba mi siyaelewi, ninachotaka kujua ni NITOE FLESHI AU NISITOE. Chetu kikimaliza kinarudisha ile alama ya dola tu. Kuna siku inarudi haraka, kuna siku inachelewa, mtu anachomoa, boti inasubiri, mwenye boti anapiga kelele. Wakikuambia imekubali unaondoka na amani, wakikuambia imekataa unawaambia na wenzio wasiondoke.

---

mama_terminali

Huyu ndugu amemaliza ubishi na hata hakutaja baiti.

Kimya cha cp kinafaa kwa sababu anayeita cp mara nyingi ni skripti. Nakili inaitwa na mtu, tena mtu anayesubiri kuchomoa kitu. Kama mnataka zote mbili tumieni isatty, mkondo ukiwa ni terminali iongee, ikiitwa na skripti inyamaze ikifaulu. Ni mstari mmoja. Na hata jamaa wa GNU kwa dd, komandi ya kunakili data ghafi na yenye kiburi kuliko zote, mwaka 2015 walikubali kuweka status=progress, kabla ya hapo ilibidi uipelekee ishara USR1 kutoka terminali nyingine ndo ikwambie imefika wapi.

Ila @sangara_tech angalia sana unasema "imekubali" wakati gani. fwrite, funksheni ya kuandika, ikirudi salama maana yake data imeingia kwenye bafa, fleshi yenyewe haijaguswa. Fanya fflush, fsync, fclose, na ZOTE soma majibu yake, hasa fclose watu wanaiacha. Zikipita zote fanya umount (kuitenganisha fleshi na mfumo), ndo uandike toa fleshi. Kijana anayechomoa haraka hana kosa kama umemwambia mapema.

Kupima usisubiri fleshi ijae. Linux ina /dev/full, ukiandika humo kila mara unapata nafasi imeisha. Ielekeze nakili iandike humo, ikirudi na 0 ujue inadanganya.

Na kwa jinsi ulivyoeleza ya Nansio mi nahisi ni FAT iliyoharibika, kerneli ikikuta FAT ina kasoro inaigeuza kuwa ya kusomwa tu yenyewe, errno 30. Fleshi inayochomolewa bila umount kila jioni lazima ifike huko.

Kwa lugha andika Kiswahili moja kwa moja humohumo kwenye kodi, maktaba ya kutafsiri ya nini wakati watumiaji wote wanaongea lugha moja. Herufi zetu zote ni za ASCII, baiti moja moja, hulipii chochote cha ziada.

---

kimya_CapriPoint

Sawa nimeelewa, mtumiaji akiwa binadamu mezani naachia. Ila rangi sitaki kuziona.

Kama mnataka isiyotumia hata baiti za maneno, ruta ina taa. Andika timer kwenye /sys/class/leds/jina_la_taa/trigger wakati inanakili, taa inapepesa, ikimaliza vizuri iwashe mfululizo, ikifeli izime. Usiku kwenye mwalo mtu anaona taa kwa mbali kuliko maandishi ya simu yenye kioo kilichopasuka.

---

sangara_tech

Wakuu nimerudi. SDK imekubali, dynamic, float nimetoa, funksheni moja ya kufa tunaiita kila mahali kama alivyosema mzee. text imeshuka hadi 7 elfu na kidogo NA meseji zimo. Mwenzangu kanyamaza kwanza, baadae kaomba link ya bloat-o-meter. Sasa zinatoka hivi:

```
TAYARI. Rekodi 288 zimefika. Toa fleshi.
HAIJANAKILIWA: fleshi imejaa. Badilisha. (28)
HAIJANAKILIWA: fleshi haiandikiki. Badilisha. (30)
HAIJANAKILIWA: fleshi haionekani. Chomeka upya. (2)
```

Zingine zote zinaangukia kwenye %m kwa Kiingereza chake pamoja na jina la faili, kijana anapiga picha ya skrini ananitumia. /dev/full imeikamata vizuri, ya zamani kweli ilikuwa inarudi na 0, sikuamini. Taa nitaweka.

---

fundi_Buzuruga

Safi. Hiyo ya mwisho, "haionekani (2)", umeijaribu bila fleshi kabisa?

---

sangara_tech

Nimejaribu kwa kufuta folda ya /mnt/fleshi, pale fleshi ikichomekwa inapoonekana, ikatoa meseji sawasawa.

---

fundi_Buzuruga

Folda haitakaa ifutike huko Nansio kaka. Fleshi isipokuwepo /mnt/fleshi bado ipo, ni folda tupu ya ndani ya ruta, nakili itaandika humo bila kosa lolote, fsync itapita, fclose itapita, itakuandikia TAYARI rekodi 288 na fleshi iko mfukoni, na hiyo hifadhi yako ya kugombania inajaa taratibu. Ile umount itagoma ila kama hujasoma jibu lake hutajua. Kabla ya kuandika fanya stat kwenye /mnt/fleshi na kwenye /mnt, st_dev (namba za diski zilipo) zikifanana hakuna kilichochomekwa, kufa hapohapo. Kwenye skripti BusyBox wana komandi ya mountpoint inayofanya kazi hiyo, kama imeji yako wameiweka.

---

sangara_tech

Duh. Nimeenda kucheki kiboksi cha Kayenze kwa ssh sasa hivi, kuna mafaili kumi na kitu ndani ya /mnt/fleshi na hakuna kilichochomekwa. Ngoja niyahamishe kwanza halafu niweke hiyo stat.